Nina miaka 26 na mvi zimenivamia, nifanyeje bila dawa za dukani?

Babu wa Kihonda
Habari zenu wakuu. Mimi ni mwalimu wa sekondari hapa Morogoro. Mvi zilianza kunitoka nikiwa chuo mwaka wa pili, mbili tatu hivi juu ya sikio la kushoto, nikawa nazing'oa. Sasa zimetapakaa pembeni kote na utosini zimeweka kiraka. Wanafunzi wameshanibatiza Babu, hilo nimelizoea. Kilichonifikisha hapa ni Jumamosi iliyopita. Nimepanda daladala, konda akamwambia binti mmoja, "Dada, mpishe mzee akae." Binti akanyanyuka kweli. Tulipotazamana usoni akagundua tunalingana, akacheka mpaka akaziba mdomo kwa mtandio. Nilisimama hadi Msamvu, siti ikabaki wazi.

Sivuti sigara, sinywi pombe. Chakula ni cha kibachela: asubuhi chai ya rangi na chapati, jioni chipsi kavu au wali maharage. Dawa za kupaka za dukani sizitaki, ngozi yangu inawashwa ovyo. Nimeshaambiwa kitunguu maji, mafuta ya nazi, majani ya mpera. Kipi kinafanya kazi? Matusi nayapokea, ila yaje na dawa.

Kamongo
Umepewa siti kwa nauli ileile halafu unalalamika. Sisi wa nywele nyeusi tunaning'inia mlangoni.

Tabibu Asilia 01
Dawa ya mizizi ipo. Siku 7 tu mvi zote zinakuwa nyeusi kuanzia shinani. Nicheki faragha.

Kamongo
Tabibu, kwenye picha yako umevaa kofia. Vua kwanza tukuone.

Nesi wa Zamu
Mwalimu, unywele ukishatoka mweupe hakuna cha kupaka kitakachourudishia weusi wake wa asili. Rangi hutiwa huko chini kwenye shina, na seli zinazotengeneza melanini, ile rangi yenyewe, na unywele unaouona juu ni kitu kilichokwisha kufa. Kitunguu na majani ya mpera vitakuachia harufu tu. Mafuta ya nazi yanalainisha, hapo sina ugomvi nayo.

Kwa sisi Waafrika, mvi huitwa za mapema zikija kabla ya miaka 30. Mara nyingi ni urithi, kwa hiyo waulize wazazi kabla hujauliza mitandao. Lakini hiyo ratiba ya chapati na chipsi kavu imenishtua. Vitamini B12 inapatikana kwenye vitu vya mnyama: maini, samaki, mayai, maziwa, dagaa. Wewe sijaona hata yai moja hapo. Ikipungua mwilini inaleta uchovu, ganzi ya miguu na mikono, upungufu wa damu, na mvi zinaweza kuwa mojawapo. Tezi ya shingo nayo, ile ikivimba tunaita goita, ikifanya kazi vibaya inaweza kuleta mvi. Nenda ukapime damu, B12 na tezi. Upungufu ukionekana na kutibiwa, kuna watu ambao nywele zao mpya ziliota na rangi. Kama ni urithi, usitarajie hilo.

Na acha kung'oa. Ile habari ya ukitoa moja zinakuja saba si kweli, shina moja hutoa unywele mmoja. Ila ukilisumbua shina kila siku litagoma, upate kipara juu ya mvi.

Mgosi wa Ngamiani
Hapo kwenye ngozi inayowashwa nisikilize mimi. Mwaka juzi nilikuwa na harusi ya dada, nikaona nifute mvi. Kinyozi akachanganya unga mweusi kwenye kisosi, akasema ni hina nyeusi, ya asili kabisa. Usiku kichwa kinawasha kama nimemwagiwa upupu. Asubuhi macho yamefumba, nyuma ya masikio panatoka maji. Kwenye picha za harusi mimi ndiye niliyevaa miwani ya jua ukumbini.

Nesi wa Zamu
Hiyo ni piko. Hina halisi haiwi nyeusi hata siku moja. Weusi ule unaletwa na parafenilenidiamini, kemikali ileile iliyomo kwenye rangi nyingi za nywele za dukani. Ikishakukataa mara moja, usiiguse tena maisha, ya pili huwa mbaya zaidi. Uso ukivimba au pumzi ikabana, ni kukimbilia hospitali.

Mwana Unguja
Sasa ngojeni mimi wa hina. Nunua unga wa majani ya mhina mtupu, unanukia kama majani makavu na ni wa kijani. Ukiuona mweusi, rudisha. Kanda kwa chai ya rangi ya vuguvugu na ndimu kidogo, ufunike ulale. Kesho yake jipake, ufunge mfuko wa nailoni, ukae saa tatu. Lakini hina peke yake juu ya mvi inatoka rangi ya chungwa, kama ndevu za wazee wetu pale Darajani. Ukitaka ikolee iwe kahawia nzito hadi nyeusi, ukishaosha hina upake unga wa nili, ule wa majani ya mmea unaotoa rangi ya buluu, uliokandwa kwa maji ya vuguvugu, saa moja au mbili. Nili hailazwi, ikae dakika 15 tu kwenye bakuli ndipo uipake. Na kwanza jaribu nyuma ya sikio, usubiri siku mbili.

Abu Swabra
Kama ni Muislamu, siku ya ufunguzi wa Makka Mtume aliagiza mvi za mzee Abu Quhafa, baba yake Abubakari, zibadilishwe, ila weusi uepukwe. Hina inaruhusiwa.

Babu wa Kihonda
Mrejesho, wakuu. Damu iko sawa, tezi iko sawa. Sampuli ya B12 imepelekwa Dar, majibu bado, ila mayai na dagaa nimeanza.

Nikampigia mama. Akacheka. "Baba yako nimeolewa naye ana miaka 24 kichwa cheupe. Unadhani ile baraghashia haivui kwa nini?" Miaka yote hii mimi nilijua ni uchamungu.

Hina nimepaka. Nili niliikosa sokoni, nikaona isiwe taabu. Jumatatu nimesimamia mtihani wa kidato cha pili nikiwa na kichwa cha rangi ya chungwa, hakuna aliyeandika kitu dakika kumi za mwanzo. Jioni nimepita kwa kinyozi, amepiga para.

Mwana Unguja
Mimi nilisema nili!

Kamongo
Para sawa. Na ndevu?

Babu wa Kihonda
Ziko mbili, zote nyeupe. Nimeziacha.