Pennsylvania 1800, kura 8 kwa 7: wananchi waliporwa au ilikuwa suluhu halali?

Mleta mada: Wakuu, uchaguzi wa rais wa Marekani wa 1800 unakumbukwa kwa sare ya Jefferson na Burr, mgombea mwenza wake, 73 kwa 73, dhidi ya rais aliyekuwa madarakani, Adams. Kura hizo ni za wajumbe, yaani watu wanaochaguliwa kila jimbo kumpigia rais kura. Mimi kinachonikera ni Pennsylvania. Mwaka 1796 wananchi wa jimbo hilo walipiga kura wenyewe, Jefferson akazoa wajumbe 14 kati ya 15. Mwaka 1799 chama chake kikatwaa ugavana kupitia Thomas McKean. Halafu 1800 hakuna mwananchi aliyepiga kura ya rais! Mabaraza mawili ya bunge la jimbo yalishindwa kuafikiana sheria ya uchaguzi, kazi ikabaki kwa wabunge. Wawakilishi, wengi wao wa Jefferson, walitaka mabaraza yakae pamoja, wingi uamue. Seneti, watu wa Adams 13 dhidi ya 11, ikagoma. Mwishowe kila baraza likapendekeza majina manane, wakachaguliwa 15. Jefferson 8, Adams 7. Huu si wizi?

Mchangiaji: Taratibu mkuu. Hao 13 nao walichaguliwa na wananchi. Katiba ya jimbo ya 1790 ilimpa seneta miaka minne, robo yao wakichaguliwa kila mwaka, ili upepo wa mwaka mmoja usizoe kila kitu. Na Virginia, nyumbani kwa Jefferson, mbona huitaji? 1796 walichagua kwa wilaya, Adams akaokota kura 1. Kufika 1800 wameshageuza sheria, mshindi abebe zote 21.

Mleta mada: Virginia walicheza rafu, sibishi. Ila kule angalau mwananchi alifika kituoni.

Mchangiaji mwingine: Swali langu ni kwa watu wa Jefferson, kwa nini walikubali? Toa Pennsylvania yote, Jefferson anabaki na 65, Adams 58. Anampita vilevile. Wangegoma tu.

Mchangiaji wa kwanza: Hesabu hiyo unaipiga ukiwa na matokeo yote mkononi. Wajumbe wa majimbo yote walitakiwa kupiga kura 3 Desemba, na South Carolina ilipata wajumbe wake 8, wote wa Jefferson, tarehe 2. Ondoa hao 8 kwenye 65 yako: Jefferson 57, Adams 58. Bunge liko Lancaster, habari za kusini zinakuja kwa farasi. Wewe ungeikataa kura 1 ya ziada?