Tupeane uzoefu: mimea ya kunukia na maua ya kudumu, Nairobi imewafanyia nini?

MamaRihani (South C)
Leo nimepita kwa wauza miche wa Ngong Road. Lavenda zimepangwa kwenye vikaratasi vyake vyeusi, zimechanua, nyuki hawana hata nafasi ya kutua. Nikasimama pale kama mtu aliyekutana na mume wa zamani amenawiri. Kwangu hazivuki mvua ya Aprili. Nanunua, zinanukia, zinaoza kuanzia chini, basi. Rozmari nayo inajikokota tu. Kilichokubali ni mchaichai, na huo hata ukiukanyaga unamea. Wenye bustani, wenye roshani, wenye mikebe ya rangi kwenye ngazi, hebu tupeane uzoefu. Nini kimekubali, nini kimekataa, kimekufia vipi? Msiniletee ya vitabuni.

MzeeWaEmbakasi
Dada, shida yako si lavenda, ni South C. Udongo wako ni huu wetu mweusi. Aprili ukiinua jembe linatoka na tope zito kuliko jembe lenyewe. Ukirudi Agosti ardhi imepasuka, ufa unameza kandambili. Lavenda asili yake ni kule Mediterania, kwenye vilima vya mawe, haiwezi kusimama majini wiki nzima. Maji yakituama mizizi inakosa hewa, inaoza. Majani yananyauka, mwenyewe unadhani ni kiu, unaongeza maji. Hapo umeimaliza.

Mimi niliacha kubishana na ardhi. Nilijenga tuta la mawe ya kujengea ya Ndarugo, kimo cha goti, kokoto chini, juu udongo mwekundu uliochanganywa na mchanga wa mto. Samadi kidogo sana. Lavenda na rozmari ukizishibisha zinatoa majani laini ya kupendeza lakini harufu hakuna. Rozmari yangu sasa ni ukuta, wageni wa nyama choma wanajikatia wenyewe wakipita.

KakaUmoja
Hilo la ufa ni kweli. Wangu ulimeza spana, mpaka leo sijaiona.

BiAsumini (Parklands)
Mimi ni mtu wa Mombasa, na kwetu asumini si pambo la uwanjani, ni kikuba. Inachumwa jioni maua yangali yamefumba, inapangwa na rihani na mkadi, ikifika usiku imefunguka kifuani. Nikaja nayo huku, mche kwenye kopo, nimeupakata basi zima. Julai ya kwanza ukageuka manjano. Ile baridi ya Nairobi, jua halionekani mpaka saa nane, asumini haitaki kabisa. Ukakaa umekonda, majani matatu manne, mume wangu akasema tuutupe.

Nikauhamishia ukuta wa jikoni unaopigwa na jua la alasiri, jiwe lile likishika joto linakaa nalo mpaka magharibi. Sasa kuanzia Januari hadi Machi unanipa maua. Si mengi. Nilimtumia mama picha ya kikuba nilichokitunga, akaniuliza hicho ni kikuba au ni kidonge.

MwanaWaKakamega
😂😂 kidonge

ShoshoWaDagoretti
Mnahangaika na udongo. Huku kwetu udongo mwekundu tunao, kinachotuhangaisha ni fuko. Unaamka asubuhi waridi limesimama vizuri, ukilishika linang'oka lote, mizizi imeliwa. Nimeweka moshi, nimeweka pilipili, nimemwaga maji shimoni. Kijana mmoja wa hapa hutega na waya na mti wa kujipinda, analipwa kwa mkia. Hiyo ndiyo dawa pekee.

Rozmari msinunue. Kata tawi la urefu wa kidole kirefu, lisiwe laini sana wala gumu sana, pukuta majani ya chini, chomeka kwenye mchanga wenye unyevu, weka kivulini. Usilivute kila siku kuangalia kama limeshika! Ukiona linatoa majani mapya juu, limeshika. Na la kuomba halimei kama la kuiba.

MzeeWaEmbakasi
Shosho, unawafundisha watu wizi.

ShoshoWaDagoretti
Nawafundisha kilimo. Tawi lililotokeza nje ya fensi ni la barabara.

MwanaWaKakamega
Mchaichai pandeni chini ya dirisha la kulala, mbu wote watahamia kwa jirani. Mimi siku hizi silali na neti.

Mkorofi254
Uongo. Mimi ninao kuzunguka nyumba nzima na mbu wanalala humo humo mchana. Mmea ukisimama tu haufukuzi kitu, mafuta yamo ndani ya jani, mpaka ulifikiche. Na ule wa kutengeneza mafuta ya kufukuza mbu ni ndugu yake, unaitwa sitronela, si huu wa chai. Rudisha neti kaka, malaria haina utani.

MwanaWaKakamega
Sasa mbona mimi siumwi malaria?

Mkorofi254
Kwa sababu unaishi Nairobi mita 1,700 juu ya bahari. Panda mchaichai Kisumu ulale bila neti halafu uje utusimulie.

KakaUmoja
Wenye roshani tuko wapi? Mimi nina ghorofa la tatu, mkabala na ghorofa jingine, jua linaingia saa moja tu. Lavenda hapana, rozmari hapana. Mnanaa ndio umenipenda. Unataka kivuli kidogo na maji kila siku, nimeuweka kwenye karai lililotoboka. Mwenye bustani asiupande chini, unatambaa ndani kwa ndani unatokea kwa jirani. Na mkiona chini ya jani madoa ya rangi ya kutu, kateni wote, mchome, uanze upya kutoka chini.

GetiJeusi (Donholm)
Nimekuwa nikisoma kimya lakini hapo kwa mimea ya kunukia nimekumbuka kitu hata mikono inatetemeka. Samahani kwa urefu.

Mnalijua lile ua la kichaka, jana-leo-kesho? Linafunguka zambarau, kesho yake limefifia, keshokutwa jeupe, kwa hivyo kichaka kimoja kina rangi tatu. Jioni linanukia mpaka sebuleni. Tulilikuta limepandwa na waliotutangulia, refu kunipita. Nililipenda kuliko kitu chochote uani.

Siku ya tukio kijana wa bustani alikuja kulipunguza, akakusanya matawi karibu na kibanda cha mbwa ayabebe kesho. Tulikuwa na mbwa wawili, Simba na mdogo wake. Usiku stima imepotea, namsikia Simba anakohoa ile ya kutaka kutapika. Kutoka na tochi, amelala ubavu, miguu imekakamaa imenyooka kama ya meza, povu mdomoni. Mtoto wangu akafunga mlango kwa nguvu, na kule kubamiza tu mbwa akaanza kurushwa upya. Mzee wangu akasema moja kwa moja, hawa ni wezi, wamerusha nyama yenye sumu. Si mnajua Nairobi, mbwa akifa usiku, usiku unaofuata mnahesabu televisheni. Akamwita soja, "Nani amepita hapa?" Soja anaapa hajaona mtu. Mzee anamwambia wewe umekula njama nao, asubuhi unaondoka. Soja analia, mzee anapiga kelele, mama mkwe ametoka na khanga na maziwa kwenye jagi anataka kumnywesha mbwa, jirani juu ya ukuta anasema si maziwa ni makaa ya kusagwa. Mimi nimeshika kichwa cha Simba tu.

Daktari wa mifugo alipokea simu, Mungu ambariki. Akasema msimnyweshe chochote anapotetemeka, kitaingia kwenye mapafu, mfunikeni macho, zimeni kelele, mleteni. Tulipomweka kwenye gari alitapika, na kwenye taa ya simu nikaona vitu kama punje za kijani-kahawia na vipande vya majani. Nikazifunga kwenye karatasi ya nailoni. Daktari alipozimulika akaniuliza, nyumbani mna ua gani? Nikamwambia. Akatikisa kichwa. Alisema lile ua lote ni sumu kwa mbwa, na punje zake ndizo mbaya zaidi, na mbwa huzila kwa kupenda. Alimchoma sindano ya kutuliza degedege, akamwekea dripu. Simba alikaa kule siku kadhaa, akirudi alikuwa anatembea kama mlevi, lakini alirudi.

Soja hakuondoka asubuhi. Aliondoka mwisho wa mwezi, kwa hiari yake, na hakumuaga mzee.

MamaRihani
Uuwi! Na mimi ninalo mlangoni!!

MwanaWaKakamega
Pole sana. Lakini bado nasema walikuwa wezi.

Mkorofi254
Umesoma au umeruka? Punje zimeonekana na macho.

MwanaWaKakamega
Punje mbwa anaweza kula siku yoyote. Kwa nini usiku wa stima kupotea?

Mkorofi254
Kwa sababu matawi yalikatwa mchana ule! Na kama ni wezi mbona hawakuja?

MwanaWaKakamega
Wakute nyumba nzima iko nje na tochi, waingie kufanya nini?

DaktariWaNgombe
Mimi hutibu mifugo upande wa Ruiru, yaliyosemwa na GetiJeusi ni sawa kabisa. Mmea ni Brunfelsia. Hakuna dawa ya kuivunja ile sumu yenyewe, tunazuia degedege, tunaweka maji kwa mshipa, tunasubiri. Dalili zinafanana mno na mbwa aliyetegewa sumu na mtu, ndiyo maana wengi humlaumu jirani. Kufunga ile karatasi ya nailoni ndiko kulikookoa muda. Na lile ua la tarumbeta linaloning'inia, la kunukia usiku, nalo ni sumu, hasa kwa watoto wanaotia kila kitu mdomoni. Oleanda vilevile, mbuzi akitafuna majani machache anaweza kuanguka.

ShoshoWaDagoretti
Ng'oa. Choma. Panda kitunguu.

BiAsumini
Moshi wa oleanda pia si mzuri shosho, asichome. Na kung'oa ua zuri hivyo ni dhambi, si azungushie waya tu mbwa asifike? Apukute punje kabla hazijakomaa.

GetiJeusi
Nililing'oa. Mama mkwe alinuna juma zima, alikuwa amezoea kukaa chini yake jioni. Nimepanda pelagonia ya majani ya kunukia pale pale, ile ukigusa jani inatoa harufu ya limau. Nilisema sitaki kitu kirefu tena. Mtu ana swali lingine la wezi?

MzeeWaEmbakasi
Waulize kwanza wenye mbwa kama pelagonia ni salama, maana humu kila mtu ni daktari.

DaktariWaNgombe
Inaweza kumwasha tumbo kidogo akila nyingi. Haifiki pale.

MamaRihani
Jameni nimewasikia, nimeshamtuma kijana akafunike lile la mlangoni. Turudi kwa lavenda yangu basi. Kuna mtu yeyote imemchanulia mwaka mzima?

Kitengela_Jua
Iko aina mbili, watu hawaangalii. Yenye jani jembamba laini ndiyo inayoitwa ya Uingereza, inapenda baridi ya kweli ndiyo ichanue, huku inajilazimisha. Nyingine jani lina meno pembeni kama msumeno mdogo. Hiyo ndiyo ya Nairobi, inatoa maua karibu mwaka wote, ila harufu yake ina kafuri kidogo, si ile tamu ya sabuni. Ukienda kununua shika jani, usishike ua. Na maji ya kisima msiyategemee, huku kwetu yana chumvi, ncha za majani zinaungua. Kinga ya mvua.

KakaUmoja
Mvua ya 2024 ilichukua mikebe yangu yote ya chini na sufuria ya jirani, na wewe unasema nikinge.

MzeeWaEmbakasi
Lavenda ikimaliza kuchanua kata theluthi ya juu. Usikate mpaka kwenye mti mkavu usio na jani, haitoi tena.

MwanaWaKakamega
Mimi hukata mpaka chini na panga, inarudi nene.

Mkorofi254
Huo ni mchaichai.

MwanaWaKakamega
...ndiyo, huo.

MamaRihani
Mzee, huo udongo mwekundu lori moja ni pesa ngapi?

MzeeWaEmbakasi
Inategemea dereva ataliona geti lako kabla au baada ya kutaja bei. Mkutane barabarani.