Tupeane uzoefu: ulijifunzaje kupiga picha kabla ya safari ya likizo?

Mleta uzi, Mbagala

Wakuu, habari za jioni. Desemba hii tunapanda Moshi kama kila mwaka, na safari hii sitaki yanipate ya mwaka juzi. Niliazima kamera nzuri kwa rafiki, lakini nilianza kuishika tukiwa tayari ndani ya basi, tunatoka stendi ya Mbezi Luis. Kule nyumbani nilimpiga bibi picha nyingi amekaa kibarazani, migomba inang'aa nyuma yake. Niliporudi Dar na kuzifungua, migomba imetoka safi, kila jani linahesabika. Bibi ni kivuli cheusi.

Bibi alifariki Machi iliyofuata. Picha ya msibani ilibidi tuikate kwenye picha ya zamani ya harusi.

Mama yangu bado yupo, na wajomba wanazeeka. Nina wiki tano. Nyie mlianzia wapi?

Mdau wa Tabata

Pole sana mkuu kwa kuondokewa na bibi.

Kilichotokea ni hiki: kamera inakadiria mwanga wa eneo zima. Ikikuta nyuma kunang'aa, inapunguza mwanga wa picha nzima, na uso uliopo kivulini unazidi kuwa giza. Sisi wenye ngozi nyeusi ndio tunaopotea kabisa. Kwenye simu, gusa uso wa mtu pale kwenye kioo. Simu nyingi zitakuletea alama ya jua, isukume juu mpaka uso uonekane. Kwenye kamera tafuta kitufe chenye alama ya kujumlisha na kutoa, peleka +1, piga, angalia.

Mimi nilijifunzia sebuleni. Nilimsimamisha binti yangu wa miaka sita karibu na dirisha, saa nne asubuhi, taa zote zimezimwa. Picha ya kwanza dirisha likiwa nyuma yake, ya pili likiwa ubavuni, ya tatu akilitazama. Nilipoziweka pamoja nilielewa kitu ambacho video za mtandaoni hazikunielewesha kwa miezi: kabla ya kugusa kitufe chochote, mgeuze mtu.

Mdau wa Sinza

Mimi safari yangu ilikuwa Mikumi na familia, kamera ya shemeji. Alinipa wiki mbili kabla na sharti moja: nisitumie "Auto", yaani kamera kujipangia yenyewe, mpaka nirudi.

Kila jioni nilikaa nje ya geti nikipiga bodaboda zinazopita. Kasi ya shata, yaani muda ambao kamera inafunguka kupokea mwanga, ikiwa 1/60 ya sekunde, dereva anakuwa mstari tu. 1/250 anaonekana, ila hajatulia. 1/1000 anaganda kabisa, hadi spoku za tairi unazihesabu. Lakini kadiri kasi inavyopanda, mwanga unaoingia unapungua, na jua likizama picha zinakuwa giza. Hapo ndipo nilipojua kazi ya vile vitu vingine viwili. Tundu la lenzi: namba ndogo kama f/4 ni tundu kubwa, mwanga mwingi, na nyuma ya mtu panafifia, f/11 ni tundu dogo, na vya mbali navyo vinaonekana vizuri. Halafu ISO, yaani wepesi wa kamera kuhisi mwanga, ambayo ukiipandisha picha inapata mwanga lakini inaanza kuwa na chenga, vile vidoadoa. Ukigusa kimoja, vingine lazima vifuate. Nilikosea mara nyingi sana pale getini, na nashukuru nilikosea pale.

Mikumi tuliingia alfajiri, jua ndiyo linachomoza. Swala pala wakaanza kuruka kukatiza njia. Nilikuwa nimeshaweka 1/1000, nikapandisha ISO hadi 1600, nikapiga. Zina chenga, ndiyo. Picha ya chenga inatazamika; iliyotikisika haitazamiki. Ile ya swala yuko hewani, miguu yote minne imekunjwa, ipo ukutani kwetu mpaka leo.

Mawili zaidi: mwombe dereva azime injini, maana mtikisiko wake unaingia kwenye picha. Na beba kifuko kidogo cha mchele, kiweke dirishani, laza lenzi juu yake. Kinatulia kuliko mkono wa mtu yeyote.

Mdau wa Kigamboni

Futeni lenzi ya simu kwa kitambaa laini kabla ya kupiga. Nusu ya picha zenu zenye ukungu ni mafuta ya vidole.

Mdau wa Upanga

Ukungu mwingine ni wa kiyoyozi. Zanzibar tulilala chumba cha baridi, asubuhi nikatoka mbio na kamera kuwahi jua. Lile joto la nje likafanya lenzi yote ijae mvuke, na jua halikunisubiri. Siku hizi naiacha kamera ndani ya begi lililofungwa, natoka nayo nusu saa mapema izoee joto taratibu.

Mdau wa Magomeni

Naongeza la watu. Nilienda kufanya mazoezi soko la samaki Feri, nikapiga bila kusema neno. Mama mmoja mkaanga samaki akanigeuzia mgongo, na alikuwa na haki. Wiki iliyofuata nilirudi bila kutoa kamera. Shikamoo kwanza, nikanunua samaki, nikala palepale, ndipo nikaomba. Aliweka kilemba sawa, akanitazama usoni. Hakuna mpangilio wa kamera unaokupa macho yale.

Mleta uzi, Mbagala

Asanteni sana, nimesoma yote. Mama yuko hapa kwangu wiki hii, nimemkalisha dirishani kama mdau wa Tabata alivyosema. Picha tatu. Ya kwanza ni ileile ya bibi, kivuli. Ya tatu mikunjo ya macho yake yote inaonekana, na lile kovu dogo la kwenye nyusi. Ameniomba nimtumie, amwonyeshe dada yake Moshi.