Naomba ushauri: dawa ya kuivisha miwa kabla ya kuvuna

Wakuu, naombeni msaada kwa wenye uzoefu. Miwa yangu bado inakua kwa kasi, majani mabichi kabisa, na unyevu ardhini hauishi. Nikipima utamu, chini ya shina uko vizuri ila juu ni maji matupu. Kuikausha kwa kukata umwagiliaji haiwezekani kwa sababu mvua zinaendelea, na zamu ya kuvuna inakaribia.

Nafikiria kupulizia dawa ya kuivisha. Ninavyoelewa, dawa hizi zinapunguza urefukaji wa muwa ili sukari ibaki kwenye shina badala ya kutumika kukuza majani na pingili mpya. Mojawapo, ethefoni, inahitaji kupuliziwa takribani wiki 8 hadi 12 kabla ya kuvuna, fluazifopu ni muda mfupi zaidi. Ila fluazifopu ni kiuagugu cha nyasi, na jirani yangu ana mahindi mpakani kabisa! Upepo ukiipeleka kule nitamharibia mtu chakula chake, jambo ambalo sitaki hata kidogo.

Glaifoseti, kiuagugu kingine kinachotumika kuivisha, naiogopa hata kwa kipimo kidogo kwa ajili ya machipukizi ya msimu ujao, maana shamba hili nataka livunwe tena bila kupanda upya.

Je, aliyetumia ethefoni peke yake aliona tofauti kwenye sehemu ya juu ya muwa? Na uvunaji ukicheleweshwa baada ya kupulizia, sukari inashuka au inabaki? Hilo la mwisho ndilo linaninyima usingizi.