Ngoma ya ndani ya kinanda ni takatifu, ya ngozi ni ya mashetani? Usharika wetu Tanga tumefika pabaya

Wakuu, nimejizuia wiki nzima, nimeshindwa. Mods naomba uzi huu msiupeleke jukwaa la vichekesho, sina cha kucheka.

Nasali usharika mmoja wa Kilutheri hapa Tanga mjini. Jina naliacha, bado nataka watu wa kunizika. Jumapili iliyopita ilikuwa Chakula cha Bwana, na zamu ya kuimba watu wakielekea mezani ilikuwa ya akina mama wa mtaa wetu mmoja wa huko kwenye mashamba ya mkonge. Wameamka usiku, wamepanda gari, ngoma wameifunga juu ya keria.

Wakaanza wimbo wa Kisambaa, polepole, ngoma moja na kayamba. Si ya kurukaruka, ni mwendo wa kutembea, miguu yenyewe inakupeleka madhabahuni. Watu wa meza ya pili wameshapiga magoti, mchungaji ana kikombe mkononi, mara maiki kimya. Nikajua umeme huo umekatika. Kumbe mzee mmoja wa kamati ya muziki kamkonyeza kijana wa mitambo! Kinanda kikaingia na wimbo wa kitabuni, akina mama wakabaki wameachama katikati ya ubeti.

Bibi wa kayamba alilizungushia kanga, akalisukuma kwa mguu chini ya benchi. Lakini zile punje ndani haziambiwi nyamaza, kila akijisogeza, chwaa, watu wanageuka. Meza yake ilipoitwa hakuinuka. Mtu wa miaka sabini na ushee, safari yote ile, karudi bila mkate wala kikombe. Mpaka sasa nikikumbuka natetemeka.

Ibada ilipokwisha nikamfuata mzee. "Kijana, ngoma ni mambo ya kimila. Kuna waumini walitoka kwenye uganga, tusiwakwaze. Na wapo wasioelewa Kisambaa. Watapiga siku ya Mavuno." Siku ya Mavuno! Siku ya mnada wa kuku na mikungu ya ndizi, ngoma haina shetani kwa sababu inaleta pesa. Kwenye Meza ya Bwana ndipo inapandwa na shetani.

Hofu yenyewe naielewa, nisiwe mnafiki. Pwani hii ngoma za kupunga pepo zipo, na wazee wetu walipobatizwa wengine waliambiwa waache kila kinachopigwa. Ila kinanda chetu kina kitufe cha ngoma. Mpigaji anabonyeza, sebene inatoka dum-tak-dum-tak, vijana wanayarudi mpaka mbele ya madhabahu na mzee huyohuyo anapiga makofi. Kwa hiyo mlio wa ngoma ukipitia kwenye waya unaongoka? Ngozi ya mbuzi ndiyo inayokwenda motoni?

Akanimalizia na "sisi ni Walutheri, tuna utaratibu wetu." Hapo ndipo aliponikoroga. Martin Luther mwenyewe, Mjerumani tuliyerithi jina lake, 1525, aliandika kwamba maneno, noti, mkazo na sauti ya wimbo vitoke katika lugha ya mama yenyewe, la sivyo ni kuiga kama wafanyavyo nyani. Mwaka uliofuata akatoa utaratibu wa ibada kwa Kijerumani chao. Sisi tunaimba vipi? Kiswahili mkazo wake uko silabi ya pili kutoka mwisho, msaLAba. Pachika neno hilo kwenye sauti ya Kijerumani bila kuangalia, unapata msalabaAAA, mwokoziIII, kama mtu anayemwita mwenzake ng'ambo ya mto. Tumezoea tu, hatusikii tena. Kisambaa ndiyo balaa zaidi, maana toni ikipanda au kushuka, maana nayo inaweza kuhama.

Na Shirikisho la Kilutheri Duniani walikaa Nairobi, hapo jirani, Januari 1996, wakatoa tamko kuhusu ibada na utamaduni. Limesema wazi ibada iguse mazingira ya watu wake na pia ivuke mipaka ya tamaduni, huyu apokee cha yule. Sasa hao "wasioelewa Kisambaa" ninaotishiwa nao ni akina nani? Mimi babu yangu ni Mbena, aliletwa kama manamba kukata mkonge. Benchi langu lina Mmakonde, Mbondei, Muha na mama mmoja wa Kichaga asiyekosa kitu cha kukosoa. Hakuna hata mmoja aliyelalamika. Yule mama wa Kichaga ndiye aliyekuwa anaitikia kwa sauti kubwa kuliko wote, kwa maneno aliyojitungia!

Wasiotaka Kisambaa beti zote, sawa, beti moja Kiswahili, moja Kisambaa, kesho Kibena, keshokutwa Kimakonde. Ila kumzimia mtu maiki wenzake wakiwa wamepiga magoti, hapana.

Jana nimempigia simu yule bibi. Anasema zamu yao ijayo watakuja, kayamba wajukuu zake wamelifanya la kuchezea uani. Mliowahi kuwa baraza la wazee, malalamiko ya namna hii yanaanzia kwa mchungaji au niandike ofisi ya jimbo la kanisa moja kwa moja? Mchungaji alikuwepo, kikombe mkononi, na hakusema neno.