Mashabiki wa magongo Nairobi, mbona mtoa pasi hana jina?

Wadau, nafungua uzi huu nikiwa na hasira na sitajifanya sina.

Kila wikendi matokeo ya uwanja wa City Park yanasambazwa kwa mtindo uleule: timu hii 3, ile 1, wafungaji hawa, dakika hizi. Basi. Chini yake pongezi zinamiminika kwa aliyecheka na nyavu. Aliyewapita mabeki wawili na kumwekea mpira miguuni hatajwi hata mara moja. Kisha msimu ukiisha mnauliza mbona vijana wote wanataka kucheza mbele na hakuna anayetaka kuwa kiungo!

Chukueni kona fupi, ile ya adhabu, maana hapo ndipo dhuluma iko wazi kuliko popote. Bao la kona fupi ni kazi ya watu watatu. Wa kwanza anasukuma mpira kutoka mstari wa nyuma, angalau mita 10 kutoka kwenye mlingoti wa goli. Wa pili anausimamisha nje kidogo ya dii, yaani ile nusu duara mbele ya goli. Wa tatu anauburuta na kuurusha golini. Kutoka unapowekwa mpira hadi kilele cha dii ni karibu mita 19, na hakuna bao mpaka mpira utoke nje ya dii kwanza. Nyuma ya mstari wa goli wako wapinzani watano, kipa akiwemo. Mpira ukisukumwa tu, wanachomoka, na mkimbiaji wa kwanza anakuja moja kwa moja kwa mpigaji.

Sasa tazameni kinachoharibika. Msukumaji akiupiga badala ya kuuburuta, mpira unadundadunda. Akiuelekeza kwenye miguu ya mrushaji badala ya gongo la msimamishaji, mpangilio wote umevurugika. Msimamishaji naye akishika gongo kwa mkono mgumu, mpira unaruka mbali, na mrushaji ambaye ameshaanza hatua zake anaukuta mahali pengine. Hawezi tena kuburuta. Inabidi apige kwa nguvu, na sheria inasema pigo la kwanza la namna hiyo lisivuke mstari wa goli juu ya milimita 460, yaani kimo cha ubao wa chini. Mpira wa kurushwa kwa kuburuta unaruhusiwa kupanda hadi chini ya mtambaapanya, mita 2.14. Kwa hiyo usimamishaji mbovu unamnyang'anya mrushaji zaidi ya robo tatu ya goli! Kipa analala chini tu na kazi imeisha.

Halafu bao likiingia, karatasi ya mechi inaandika namba ya mrushaji, dakika, na kwamba ilikuwa kona fupi. Wale wawili wamefutika. Sohail Abbas wa Pakistan alifunga mabao 348 ya kimataifa, mengi kwa njia hiyohiyo, na kila shabiki wa magongo anaijua namba hiyo. Ni wangapi kati yenu wanaweza kumtaja hata mmoja aliyekuwa akimsimamishia mpira?

Najua jibu linalokuja: pasi bila mfungaji ni bure. Sawa, na mfungaji bila pasi je? Tazameni mpigo huru wa timu inayoshambulia ndani ya eneo la mita 23 kutoka mstari wa nyuma. Sheria hairuhusu kuupeleka mpira moja kwa moja ndani ya dii. Lazima utembee mita 5 kwanza au uguswe na mchezaji wa timu inayolinda. Kiungo anajipigia mwenyewe, anaukokota mita hizo tano huku beki akimfuata ubavuni, anainua macho mara moja, kisha anaukata mpira kwa nguvu kuelekea mlingoti wa mbali. Mshambulizi amelaza gongo pale, anaugusa, bao. Kugusa huko ni ustadi, sibishi, maana pembe ya gongo ikikosea kidogo tu mpira unapaa. Lakini uamuzi wote ulifanywa na kiungo. Ni lini mlimwimbia?

Wenzetu wa hoki ya barafu angalau wanaandika. Huko NHL, ligi kuu ya Marekani na Kanada, kila bao linaweza kubeba majina ya watoa pasi hadi wawili, na pasi ina pointi moja sawa na bao. Ndiyo maana tunajua Wayne Gretzky alifunga 894 na kutoa pasi 1,963. Ondoa mabao yake yote na bado pasi peke yake zinazidi jumla ya pointi za mchezaji mwingine yeyote. Tunajua pia kwamba Brett Hull alipofunga 86 msimu wa 1990-91, Adam Oates alikuwa na pasi 90 msimu huohuo katika timu hiyohiyo. Na Jonathan Cheechoo, ambaye hakuwa amewahi kuvuka mabao 28 kwa msimu, alifikisha 56 katika msimu wa 2005-06 baada ya Joe Thornton kuhamia timu yake, San Jose, katikati ya msimu. Thornton alimaliza na pasi 96. Namba hizo zisingeandikwa, leo Cheechoo angeonekana amelala na kuamka mfungaji hodari.

Na hata huko mashabiki wanapendelea. Kikombe cha mfungaji bora kipo tangu 1998-99. Cha mtoa pasi bora hakipo. Msimu wa 2023-24 Nikita Kucherov na Connor McDavid kila mmoja alifikisha pasi 100, lakini kila mtu alikuwa akihesabu kama Auston Matthews atafika mabao 70. Aliishia 69. Alex Ovechkin alipofunga bao lake la 895 na kuipita rekodi ya Gretzky tarehe 6 Aprili 2025, video ilizunguka dunia nzima, na Tom Wilson aliyempa ile pasi alibaki pembeni ya habari. Ila jina lake liko kwenye kumbukumbu, halitafutika. La kiungo wetu haliko popote.

Kwa hiyo wanaoandika matokeo, ongezeni safu moja. Haihitaji mashine wala pesa. Mtu mmoja akae usawa wa mstari wa mita 23, kwa sababu kutoka katikati ya uwanja huoni nani ameugusa mwisho. Aandike namba ya jezi ya mchezaji mwenza aliyeugusa mpira kabla ya mfungaji, hata kama umepita kwenye gongo la mpinzani, mradi mpinzani hakuumiliki. Kwenye kona fupi aandike namba mbili, msukumaji na msimamishaji. Kipa akitema mpira na mwingine akaumalizia, pasi apewe aliyepiga kwanza. Penalti ya mita 6.40 haina pasi, lakini andikeni pembeni nani aliangushwa au nani alisababisha kosa, maana hilo nalo huwa linapotea.

Makosa yatakuwepo, hasa dii ikijaa watu. Rekebisheni baadaye kwa video ya simu. Barafuni nao hubadilisha majina ya watoa pasi baada ya kuangalia upya. Ninachokataa ni kuambiwa eti ni kazi kubwa. Mechi ya magongo ni robo nne za dakika 15, na nyingi haziishi na mabao kumi. Hizo ni namba chache tu za jezi.

Na ninyi mashabiki wa jukwaani, bao likiingia msimkimbilie mfungaji kwa macho peke yake. Angalieni anayemnyooshea kidole. Mara nyingi mfungaji mwenyewe anamwonyesha aliyempa, ila ninyi mnakuwa mmeshainua simu kumpiga yeye picha.

Anayeandika matokeo ya Jumamosi aseme hapa kama ataongeza hiyo safu au la. Akikataa, atoe sababu.