Land Rover ya marehemu baba imesimama tangu 2011: nianzie wapi kabla ya kuiwasha?

Mwana wa Mufindi (Iringa)
Wakuu, habari za kazi. Marehemu baba alituachia Land Rover Series III ya mwaka 1978, pikapu ile ndefu ya inchi 109 (umbali kati ya ekseli ya mbele na ya nyuma) yenye injini ya petroli ya sentimita za ujazo 2286. Ilibeba mbao kwa miaka mingi hadi ilipoegeshwa bandani mwaka 2011, na tangu hapo haijawashwa. Bodi ni ya alumini, kwa hiyo imebaki nzima, ila chesisi imeanza kuliwa na kutu upande wa nyuma. Kanyagio la breki linazama hadi sakafuni, na tulipofungua boneti tulikuta panya wamejenga kiota pembeni mwa kabureta. Jirani yetu mwenye trekta amejitolea kuivuta ikiwa kwenye gia ya pili ili iwake. Mama hataki kusikia habari ya kuiuza kama chuma chakavu, na mimi pia sitaki. Ninazo spana, jeki na siku za mwisho wa wiki, lakini sijawahi kufufua gari lililolala muda mrefu namna hii. Naomba mnieleze nianzie wapi, na kama ushauri wa jirani unafaa.

Fundi wa Njiro (Arusha)
Kijana wangu, mshukuru jirani yako kwa moyo wake, lakini trekta libaki shambani. Injini iliyolala miaka yote hiyo huota kutu kwenye kuta za silinda, na ringi za pistoni hushikamana nazo. Ukiizungusha kwa nguvu za trekta ringi zitakatika, na kazi ya majuma machache itageuka kuwa ya kutafuta injini nyingine.

Fungua plagi zote nne, umimine katika kila tundu vijiko vitatu vya oili nyepesi iliyochanganywa na dizeli, na uongeze kidogo kila jioni kwa siku tatu au nne. Gari hilo lina tundu kwenye bampa la mbele la kupitishia hendeli, yaani chuma cha kuzungushia injini kwa mkono, jambo ambalo magari ya siku hizi hayana. Hakikisha gia iko huru, kisha jaribu kuzungusha kwa mkono bila plagi. Ikigoma, usiining'inie hendeli kwa uzito wako wote. Ongeza mafuta na usubiri, kwa sababu haraka yako haitaiharakisha kutu.

Ikianza kuzunguka, fungua kifuniko cha valvu na umwombe mwenzako azungushe taratibu huku wewe ukitazama kama valvu zote nane zinashuka na kupanda. Valvu iliyokwama wazi ni kawaida kwa gari lililosimama, na ukiwasha hivyo hivyo utapinda fimbo yake ya kusukumia. Nafasi ya valvu, yaani mwanya kati ya valvu na mkono unaoisukuma, ni milimita 0.25 kwa za kuingiza na za kutoa. Badilisha oili na filta, kisha zungusha kwa stata plagi zikiwa bado nje, hadi taa ya oili izimike. Kuna mafundi wanaojaza dizeli kwenye injini ili kuisafisha. Mimi siafiki, kwa kuwa uchafu uliotulia chini ya sampu, yaani bakuli la oili chini ya injini, hutibuka na kwenda kuziba njia za oili.

Mama Plagi (Morogoro)
Naunga mkono yote aliyosema mzee wangu, na ninaongeza habari ya moto na mafuta. Petroli ya mwaka 2011 imekwishageuka kuwa kitu kama vanishi. Usiifikishe kwenye kabureta. Lifungue tenki lililo chini ya kiti, ulioshe, na mpaka utakapoliamini, tumia kidumu kidogo cha petroli safi kilichounganishwa na pampu kwa mpira mpya, ukiwa nje ya banda na mchanga karibu.

Cheche ikikosekana, usikimbilie kununua koili. Platini, vile vichwa viwili vya chuma vinavyokata na kuunganisha umeme wa cheche, zikikaa muda mrefu hufanya utando usiopitisha umeme. Zipitishe msasa laini, zifute, kisha pima nafasi yake kwa fila geji (vibati vyembamba vya kupimia mwanya), kati ya milimita 0.35 na 0.40. Mpangilio wa silinda kuwaka ni 1-3-4-2. Kagua pia nyaya zote, maana panya hupenda kuzitafuna. Ukiwasha kwa hendeli, kidole gumba kiwe upande mmoja na vidole vingine, kwa sababu injini ikirudisha nyuma huvunja mkono.

Msafiri wa Voi
Ndugu, hata ikiwaka leo, isitoke bandani kabla ya breki kufanyiwa kazi. Hiyo ya inchi 109 ina silinda mbili ndogo kwenye kila gurudumu la mbele na moja kwenye kila la nyuma. Zifungue zote sita, ubadilishe raba na mipira, na umwage mafuta ya breki ya zamani, kwani hunyonya maji na kuozesha chuma kwa ndani.

Jambo ambalo wengi hawalijui ni kwamba breki ya mkono ya gari hili haishiki magurudumu, bali inashika shafti inayotoka kwenye gia boksi. Ukiinua gurudumu moja la nyuma kwa jeki, difu, yaani gia zinazogawa nguvu kwa magurudumu mawili ya nyuma, huliruhusu hilo lizunguke hewani na gari zima linaweza kubiringika likakuangukia. Kaza vigingi kwenye magurudumu yaliyo chini, na usiingie chini ya gari lililoshikiliwa na jeki peke yake.

Mwana wa Mufindi (Iringa)
Shikamooni wakubwa zangu, na asanteni sana. Hendeli ilikubali jioni ya siku ya nne, kwanza robo mzunguko, kisha mzima. Valvu moja ya silinda ya tatu ilikuwa imekwama wazi, nayo ikalegea kwa mafuta na kugongwa taratibu kwa mpini wa nyundo. Platini zilikuwa kama alivyosema Mama Plagi. Jumamosi iliwaka kwa petroli ya kidumu, ikanguruma kama dakika mbili, nikaizima kwa sababu rejeta inavuja. Mama alitoka jikoni mbio, akasimama mlangoni mwa banda, akauliza kama tunaweza kwenda nayo kanisani kesho yake. Nilimwambia bado: silinda nne kati ya sita za breki zimeliwa na kutu, na ninazitafutia spea.